Waipa za Upepo na Asali ya Ukweni

Kila anayenikuta kibandani siku hizi ananiuliza safari ya Kibugu ilikuwaje, na kabla sijajibu ananiambia alivyosikia yeye. Nimesikia kwamba tulilala mtoni, kwamba ng'ombe alimpiga dereva teke, na kwamba shangazi yangu aligombana na mwanajeshi. Mwanajeshi hakuwepo. Kulikuwa na lori la jeshi tu, nalo lilikuwa limestaafu. Nimeamua kuandika mara moja ili nipate nafasi ya kufanya kazi.

Kwa asiyenijua, mimi ni Karimi, fundi wa breki za upepo hapa Meru mjini. Kazi yangu ni kusikiliza magari yanavujia wapi. Mdogo wangu Mutwiri ni mwalimu, mtu mpole anayesema samahani akikanyagwa. Alitaka kumwoa Wawira, mwalimu mwenzake, ambaye kwao ni Kibugu, upande wa Embu. Tulikuwa tumeshaenda mara moja kupeleka asali na mifugo, mvua ikatukwamisha njiani, tukageuka. Watu wa Wawira walikuwa wamepika. Baba yake mkubwa, Mzee Njeru, ambaye ndiye msemaji wa ukoo tangu babake Wawira afariki, alituma neno kwamba tumekaribishwa mara ya pili, na kwamba ya tatu haipo. Akaongeza kwamba tukifika jua likiwa limeinama tutakuta lango limefungwa.

Kwa hiyo mambo yalikuwa mawili tu: tufike, au Mutwiri amkose Wawira. Alikuwa ameshakonda mpaka koti lake la sherehe likaonekana la kuazima.

Maua hadi Meru mjini

Lori ni la Dahir, mchukuzi wa Maua, rafiki wa nyumbani kwetu wa miaka mingi. Alilinunua kwenye mnada jeshi lilipoyaondoa magari yake ya zamani. Barabara ya mwisho ya kwenda kwa kina Wawira ni udongo mwekundu, na masika yakishaanza hakuna gari jingine tunalolijua linaloweza kuipanda. Mara ya kwanza tulikuwa tumejaribu na gari la kawaida lenye viti vizuri. Safari hii tulichagua lisilo na viti vizuri.

Nilimfuata Dahir Maua alfajiri ili nikague breki. Breki zilikuwa sawa. Tulipoanza kuteremka vilima vya Nyambene mvua ikatukuta, naye akafungua kifundo kidogo cha shaba kilicho juu ya kioo. Pale juu pakaanza kulia sss.

"Hiyo sauti ni ya nini?" nikamuuliza.

"Ya waipa."

"Mbona waipa haisongi?"

"Inapumua kwanza," akasema Dahir.

Tuliingoja imalize kupumua. Badala yake mshale wa presha ukaanza kushuka, na kengele ikalia chini ya usukani.

"Dahir, hiyo kengele ni ya breki."

"Naijua. Hulia mvua ikinyesha."

Niwaeleze, maana hapa ndipo safari yote ilipofungwa. Waipa za malori hayo hazitumii umeme. Hutumia upepo, na upepo wenyewe hutoka kwenye matangi yale yale ya breki. Juu ya kioo kuna silinda ndogo, na ndani yake pistoni iliyovalishwa kikombe laini cha kuzuia upepo usipite pembeni. Kikombe kikiraruka, upepo hupita bure, waipa husonga kwa taabu, kama itasonga, na matangi humalizika. Dereva anabaki na hiari: akitaka kuona hatasimama, na akitaka kusimama hataona.

"Sasa wewe hufanyaje?" nikamuuliza.

"Huchagua," akasema.

Nilikifunga kile kifundo, nikakifunga tena kwa waya. Tukaingia Meru Dahir akiwa ametoa kichwa dirishani, akisalimia watu aliowajua.

Meru hadi Chuka, kwa nyimbo

Kibandani sikuwa na kikombe cha ukubwa ule, na sidhani kama kuna duka linalokiuza siku hizi. Nilikata kingine kwa raba ya tyubu nikakitia. Waipa ikafagia mara kadhaa, kila mtu akaridhika, tukapakia. Nyuma, chini ya turubai, wakaingia wazee wetu, mtamba mmoja wa ng'ombe, kondoo dume mnene, na Mutwiri na koti lake. Mbele tukakaa Dahir, mimi katikati, na Shangazi Nkirote dirishani na asali mapajani.

Asali hiyo ilikuwa ndani ya pipa dogo la mti uliochongwa, lenye kifuniko cha ngozi kilichokazwa kwa kamba. Lilikuwa la nyanya yetu. Nyumbani kwetu asali ya ukweni hufungwa na shangazi na kufunguliwa na wenyeji. Njiani haiguswi na mtu. Ikifika imefunguliwa, ni kama kuwaambia wakwe kwamba mmewaletea mabaki yenu. Kuna watu wa ukoo wetu waliowahi kurudishwa na binti akabaki kwao, na Shangazi alitusimulia habari zao, mmoja mmoja, mpaka Nkubu.

Nkubu raba ya tyubu ikakata tamaa. Sss ikarudi, kengele ikarudi, nikafunga kifundo.

Waipa ya upande wa Shangazi ndani hamkuwa na kitu. Nilipoifungua nilikuta karatasi ya peremende. Lakini ilikuwa na mpini wa kuisukuma kwa mkono, ambao upande wa Dahir ulikuwa umepotea zamani. Kwa hiyo Shangazi akashika mpini kwa mkono wa kushoto, mkono wa kulia akaukumbatisha asali, na ili mkono usisahau kazi akaanza kuimba nyimbo za kanisani. Kila mstari, kioo kinafagiliwa. Dahir aliinama mbele yangu kutazama barabara kupitia upande wa Shangazi, kidevu karibu kimguse begani.

"Dahir, mimi ni mama ya watu," Shangazi akamwambia.

"Samahani mama. Barabara iko kwako."

Shida ya nyimbo za Shangazi ni kwamba anapenda zile za mazishi. Katikati ya mistari tulikuwa tunapotea kabisa. Tulipokaribia kona moja mbaya Dahir akasema kwa heshima, "Mama, hakuna yenye haraka kidogo?"

"Ile ya haraka ni ya Pasaka. Pasaka imeisha."

"Tuimbe tu. Mungu ataelewa."

Shangazi akafikiri, akaimba ya Pasaka. Tukaanza kuona. Kufika Chuka Dahir alikuwa anaitikia kiitikio, na kesho yake, akasema, ataenda msikitini kueleza.

Chuka tulisimama kula. Niliagiza githeri, mahindi na maharagwe, na chai, na nilipotoka nje nikakuta vijana wamepanga foleni kando ya lori, wima, mashati yametolewa, mvua inawapiga vifuani. Kumbe waliona lori la jeshi wakadhani linaandikisha askari. Wa kwanza kwenye foleni alimfungulia Shangazi mdomo ili akague meno. Shangazi hakujua anaombwa nini, lakini alitazama kwa makini.

"Hili la nyuma lina tundu," akamwambia. "Nenda ulitoe."

Kijana akavaa shati lake akaondoka ameinamisha kichwa. Ilitubidi tuwaeleze wengine mmoja mmoja, na wawili hawakuamini, wakasema tunaficha nafasi kwa ajili ya watu wetu wa Meru. Mzee mmoja wa kwetu akawaonyesha kondoo kama ushahidi. Wakati huo waendesha bodaboda wote waliokuwa karibu walikuwa wamezima pikipiki na kuzisukuma kwa miguu, wakitazama kwingine kwa hofu ya kukamatwa. Tulichelewa pale kuliko mahali pengine popote. Mutwiri alikuwa anachungulia mawingu kana kwamba yatampa saa.

Kushuka Thuci, kupanda Runyenjes

Ukishuka kuelekea mto Thuci barabara inajipinda, na hapo ndipo mvua iliyokuwa inatuchezea ikaamua kunyesha. Mkono wa Shangazi ulikuwa umechoka. Katikati ya ubeti mpini ukakatika ukabaki mkononi mwake. Aliendelea kuimba mpaka mwisho wa ubeti, akauweka mpini chini, akasema, "Amina."

Tulivuka daraja kwa gia ya kwanza, Dahir kichwa nje, mimi nikifuta kioo kwa ndani, jambo lisilosaidia chochote ila lilinipa cha kufanya. Mlima wa Runyenjes tuliupanda hivyo hivyo. Mjini akaegesha mbele ya duka la dawa za mifugo, akazima injini, akajipangusa uso kwa turubai.

"Karimi," akasema, "huku juu baada ya Kanja kuna ukungu, na watu wanatembea barabarani. Mimi siendi na wazee wa watu bila kuona. Na bila breki pia siendi."

"Leo huchagui?"

"Peke yangu huchagua. Leo siko peke yangu."

Alikuwa na haki, na nilimchukia kwa sababu hiyo. Nikaifungua silinda pale barazani. Mwenye duka akatuletea kigoda, na wakulima waliokuwa wameleta ndizi na parachichi sokoni wakatuzunguka kutoa ushauri. Mmoja alitoa ndara yake. Nilikata raba yake nikaitia; pistoni ikakwama kabisa. Mwenye bodaboda akakata pembe ya kiti chake mwenyewe, kitu ambacho sikumwomba. Plastiki ile ikajikunja upepo ulipoingia. Mutwiri akavua kiatu chake kipya akanipa ulimi wake. Ngozi ilikuwa ngumu, ikapasuka nilipoikunja. Akakivaa kiatu bila ulimi wala hakulalamika, na moyo wangu ukauma kumwona.

Kilichotakiwa ni ngozi ya zamani, nyembamba, iliyolainika kwa mafuta miaka na miaka mpaka ikawa inakubali kila umbo. Niliinua macho nifikirie ngozi kama hiyo inapatikana wapi. Shangazi alikuwa amekaa kwenye gunia la chumvi ya ng'ombe, asali mapajani.

"Usiangalie hapa," akasema.

"Shangazi, sijasema kitu."

"Macho yako yamesema. Hii ni ya nyanya yako. Wee Karimi, unataka tufike kwa watu tumebeba mabaki?"

"Kata pembeni basi," mzee mmoja wa kwetu akashauri.

Nilikagua pembeni. Kule kulikuwa kumekauka na kutobolewa na kamba. Sehemu laini ilikuwa ya katikati tu, pale ambapo asali ilikuwa imeigusa kwa ndani na mikono ya wanawake wa kwetu kwa nje.

Tukabishana. Wazee wakagawanyika. Mmoja alisema afadhali tuchelewe na asali nzima kuliko kufika na asali ya aibu. Mwingine alisema tukichelewa hakuna atakayeiona hata kama ni nzima. Dahir alisema yeye si wa ukoo, ila angependa kujua kama anawasha injini au haiwashi. Shangazi akamgeukia Mutwiri.

"Mwenye kuoa ni wewe. Ukirudishwa, usije ukasema ni sisi."

Mutwiri aliitazama ile ngozi. Nilingoja aseme samahani. Akasema, "Kata."

Shangazi alilegeza kamba mwenyewe, akainua kifuniko, akageuka akatazama ukuta. Harufu ya asali ikajaa baraza zima na wakulima wakaacha kutoa ushauri. Nilikata duara katikati, dogo kuliko kifuniko cha chupa ya soda. Nililikandakanda kwa grisi, nikalikunja juu ya pistoni, nikafunga silinda. Mwenye duka akatupa kipande cha nailoni ya kufunikia vitalu vya miche, tukakifunga pipani juu ya lile tundu.

Dahir akawasha injini, akangoja presha ipande, akafungua kifundo. Hakuna sss. Waipa ikaenda, ikarudi, ikaenda. Mshale ukakaa pale pale.

"Inafanya," akasema mwenye bodaboda, na watu wakarudi kwenye ndizi zao.

Kanja hadi Kibugu

Kanja tulipita bila kusimama, ingawa kulikuwa na mwanamke anachoma mahindi mahali pakavu na harufu ilitufuata. Shangazi alilishikilia pipa kwa mikono miwili sasa, na kila lori liliporuka alitazama ile nailoni.

Ukungu ulitukuta kwenye mashamba ya chai. Ulikuwa mweupe na mzito, na mvua ndani yake. Waipa ilifanya kazi polepole, tak, tak, na kila ilipopita tuliona kipande cha barabara, kisha majani ya chai, kisha barabara tena. Mimi nilitazama mshale wa presha tu. Sijawahi kutazama kitu kwa mapenzi kama hayo.

Kwenye mteremko mmoja wa matope waipa ikafagia, na mbele yetu walikuwepo wachuma chai wanavuka, vikapu mgongoni, vichwa wameinamisha kwa sababu ya mvua. Dahir akakanyaga. Lori lenye tani zake zote likashika, likateleza kidogo, likasimama. Wanawake wale hawakugeuka hata kututazama. Walimaliza kuvuka wakizungumza habari zao.

Dahir alikaa mikono ikiwa juu ya usukani.

"Nimeona na nimesimama," akasema. "Yote mawili."

"Nimeona," nikamjibu.

Udongo mwekundu wa mwisho lori liliupanda kwa kunguruma na kutapika moshi, bila kukwama. Tukafika langoni kwa kina Wawira. Jua halikuonekana upande wowote, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema limeinama.

Langoni kwa kina Wawira

Tuliimbiwa, tukajibu, tukaimbiwa tena, tukafunguliwa. Mtamba akakubaliwa. Kondoo akaminywa mgongo, akasifiwa. Mazungumzo yalikuwa kwa Kiswahili, ili Kimeru na Kiembu visije vikalaumiwa baadaye. Kisha Shangazi akaiweka asali mbele ya Mzee Njeru, mtu mrefu mwenye kofia ya sufu, naye akapitisha kidole juu ya nailoni. Kidole kikadidimia.

"Asali hii imefunguliwa," akasema.

Mzee mmoja wa kwetu akaanza kueleza habari za panya. Nilimkatiza.

"Ni mimi nimekata, Mzee. Ngozi iko ndani ya waipa ya lori."

Nikaeleza yote: matangi, kikombe, kengele. Nilieleza vibaya, maana nilikuwa naogopa. Mzee Njeru alisikiliza, akainuka, akatoka kwenye mvua bila mwavuli, akapanda kwenye lori. Tukamfuata. Dahir akafungua kifundo. Waipa ikaenda, ikarudi, na Mzee Njeru akaifuata kwa macho.

"Ngozi iko hapo?"

"Iko hapo," nikasema.

"Na asali mmekula?"

"Hapana. Ni ile tu iliyoshika ngozi."

Akashuka, tukarudi, akakaa. Watu wake walikuwa wananong'ona, na minong'ono yao haikuwa mizuri. Mama mmoja alisema kwa sauti kwamba mara ya kwanza hawakuja, mara ya pili wameleta tundu. Mutwiri alikuwa amekaa wima kabisa, mikono magotini, rangi imemtoka.

"Mimi nikisema tuile, nitakuwa nimedharau nyumba ya ndugu yangu," Mzee Njeru akasema. "Nikisema irudi, watu wamesema ukweli na nimewafukuza. Kwa hiyo wa kuulizwa ni mwenyewe. Mwiteni Wawira."

Kama zawadi ziliwe au zirudi ndilo swali ambalo kila binti huulizwa siku hiyo, na kila mtu hulijua jibu kabla. Siku hiyo hakuna aliyelijua. Wawira alitoka jikoni na unga mikononi. Mzee Njeru akamwonyesha pipa.

"Wawira, hawa wamekata asali yako njiani ili gari lao lipate kuona. Tuile, ama tuifunge warudi nayo?"

Wawira hakumtazama Mzee. Alimtazama Mutwiri.

"Mwalimu, nani alisema ikatwe?"

"Ni mimi," akasema Mutwiri.

"Mara ya kwanza mlitoka na asali nzima?"

"Nzima kabisa."

"Na ilifika?"

"Haikufika."

Wawira akajifuta unga kwenye kanga, akamgeukia baba yake mkubwa.

"Kuleni," akasema. "Hii imefika."

Mzee Njeru aliifungua nailoni mwenyewe. Alichovya kijiko, akampa Wawira, naye Wawira akala nusu na kumpelekea Mutwiri iliyobaki. Mutwiri aliipokea kwa mikono miwili, na mimi nikalia mbele ya wakwe wote, jambo ambalo sijawahi kulifanya na sikujua limalizwe vipi.